Kaka yangu yuko gerezani, anaumwa saratani, na ameomba asaidiwe kufa

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala mji ninaoishi. Niko Kanada, jimbo la Ontario, kwa miaka mingi sasa, lakini kwetu ni Tanga. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Yeye ndiye aliyetangulia kuja huku, akanivuta, akanilipia ada ya chuo, na kwa kuwa baba alikuwa ameshafariki, yeye ndiye aliyekuwa walii wangu siku ya nikahi. Nakueleza haya kwanza ili ujue ni mtu gani kabla hujasikia mengine.

Kaka aliua mtu. Alikuwa na Mtanzania mwenzake, wakishirikiana kununua magari yaliyotumika na kuyasafirisha nyumbani. Wakakosana kuhusu fedha, na usiku mmoja ugomvi ukafika kwenye visu. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha na kuagiza asifikiriwe parole, yaani kuachiliwa kwa masharti, kabla ya kutimiza miaka 15. Imebaki michache. Marehemu aliacha mke na watoto, na huyo mama mimi na yeye tunaswali msikiti mmoja. Miaka yote hii tunapeana salamu, kila mtu anashika njia yake.

Mwaka huu kaka alianza kukonda. Alilalamika tumbo na mgongo, akawa anapewa vidonge vya kutuliza tu, mpaka macho yalipogeuka manjano ndipo alipopelekwa hospitali. Wakakuta saratani ya kongosho, na imeshaingia kwenye ini. Daktari alisema tuhesabu miezi, tusihesabu mwaka.

Sasa amenipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, nimeshaandika ombi. Nataka wanisaidie nife." Sheria ya huku inaruhusu, hata kwa mfungwa. Mtaalamu wa kwanza wa kumpima ameshakuja, wa pili anasubiriwa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni maumivu, kwamba usiku hakuna muuguzi katika gereza lao, na dawa ikiisha nguvu saa nane anangoja mpaka asubuhi. Mara nyingine akaniambia hataki kufa kama mfungwa mwenzake mmoja, aliyekata roho hospitalini mguu umefungwa pingu kwenye kitanda na askari wawili mlangoni. Halafu mara ya mwisho, kwa sauti ya chini kabisa, akasema, "Mimi nilimtoa mtu roho. Sina haki ya kung'ang'ania yangu." Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Anachotaka kwangu ni mambo mawili. Siku hiyo niwepo nimshike mkono. Na mama asijue lolote.

Mama yuko Tanga, ni mtu mzima sana. Anajua mwanawe yuko gerezani na kila sala anamwombea arudi. Habari za saratani hana. Nilimgusia mjomba, akafoka: huko ni kujiua, nikikubali nimeshiriki, na nani atamswalia? Mume wangu anasema ni haki yake, mwacheni. Rafiki yangu wa karibu akaniuliza, "Huoni kwamba anakimbia kifungo? Yule mjane atajisikiaje?"

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nilipokata simu siku ile, nilipata ahueni. Nilijisemea itakwisha, sitasimama tena getini nikipekuliwa, sitaogopa tena namba ya gereza ikitokea kwenye simu. Dakika chache baadaye nilijichukia.

Shangazi, nimzuie? Nikinyamaza, nitakuwa nimemuua? Nikimpinga, nitakuwa ninamwacha ateseke ili mimi nipate amani ya moyo? Na mama nimwambie nini?

Dada yake, Ontario

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole kwa ugonjwa wa kaka yako, na pole kwa miaka ya kusimama kwenye lile geti, ambayo naona watu wengi wanaokuzunguka hawajawahi kukupa pole yake.

Nianze na ile ahueni. Waulize watu waliouguza kwa muda mrefu, hata nyumbani kwao wenyewe, hata kwa mgonjwa waliyempenda kuliko nafsi zao, wakikuamini watakiri kwamba iliwapitia. Umebeba mzigo wa mwana wa pekee wa kiume wa mama yako kwa miaka mingi, katika nchi ya ugenini, huku ukikutana na mjane wa marehemu kila Ijumaa. Mwili wako uliposikia kuna mwisho, ulipumua. Hiyo haimaanishi unamtakia kaka yako kifo. Unaweza kutamani mateso yaishe na papo hapo ukatamani mtu abaki. Usiifanye ahueni hiyo kuwa ushahidi wa kujihukumu, wala usiiache ikuharakishe kumkubalia.

Umeniuliza kama umzuie. Nadhani umejipa mamlaka ambayo huna, na ni vizuri ujue hivyo, kwa sababu mzigo utapungua. Sheria ya Kanada iliyopitishwa Juni 2016 na kurekebishwa Machi 2021 inamtaka mgonjwa mwenyewe aombe kwa maandishi mbele ya shahidi asiye na maslahi, apimwe na wataalamu wawili wasiotegemeana, aelezwe njia nyingine za kupunguza mateso zikiwamo za tiba shufaa, yaani uuguzi wa kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anaweza kubatilisha ombi lake wakati wowote, hata dakika ya mwisho. Hakuna mahali panapodai idhini ya ndugu. Kwa hiyo ukinyamaza hutakuwa umemuua, na ukipinga hutakuwa umemzuia. Ila tangu marekebisho ya 2021, mtu ambaye kifo chake kinatarajiwa hatakiwi tena kungoja zile siku kumi za zamani. Mambo yanaweza kwenda haraka. Mazungumzo yenu nayo yasichelewe.

Mume wako amesema ni haki yake. Kisheria, kweli. Lakini neno haki linadhani mtu amesimama mbele ya milango kadhaa na kuchagua mmoja. Kaka yako ana milango mingapi? Swali hili limeulizwa huko huko Kanada na mtu mzito. Ivan Zinger, alipokuwa mkaguzi huru wa magereza ya serikali kuu, alieleza katika ripoti yake ya mwaka 2019–2020 visa vitatu vya wafungwa waliosaidiwa kufa, na akataka utaratibu huo usitishwe kwanza ndani ya magereza. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asiye na uhuru, asiyepata huduma ambayo jirani yako anaipata, hawezi kuhesabiwa kuwa amechagua kwa hiari ile ile. Alitaka mfungwa mgonjwa aachiliwe kwanza, ndipo aamue akiwa nje.

Wapo wanaomjibu kwamba kumnyima mfungwa kile ambacho raia mwingine anaruhusiwa ni kumwongezea adhabu juu ya ile ya hakimu. Wanaegemea Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinazosema mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kile kile cha walio nje. Mimi nikizisoma hoja hizi naona hazigongani sana kama zinavyoonekana. Kama usawa ndio msingi, basi usawa uanzie kwenye mofini ya saa nane za usiku. Kumpa mfungwa kifo cha raia huru huku akinyimwa uuguzi wa raia huru, huo usawa una kasoro kubwa, na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu katika barua yako naona alivyopewa vidonge mpaka macho yakawa manjano.

Hebu tuzisikilize sababu zake moja moja, maana amekuambia mambo tofauti kwa siku tofauti, na mimi naamini yote ni ya kweli.

Maumivu yana dawa. Saratani ya kongosho inaumiza vibaya, hasa mgongoni na tumboni, lakini wataalamu wa tiba shufaa wana njia nyingi: mofini ya kumeza au ya kuingia polepole mwilini usiku kucha bila kumwamsha mtu, dawa za jamii yake za kubandika kwenye ngozi, hata sindano ya kutia ganzi mishipa inayopeleka maumivu. Pale kwetu hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mofini ya maji imetuliza wagonjwa wengi ambao hawakuwa na uwezo wowote. Haiwezekani ikawa anasa katika gereza la Ontario. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu inabidi aulizwe waziwazi: kama ungelala usiku mzima bila maumivu, ungeomba hili wiki hii? Anaweza kukujibu ndiyo. Hapo utakuwa umejua jambo kubwa, nawe utalipokea kama lilivyo.

Pingu na askari mlangoni ni suala la mahali. Wengi hawajui kwamba sheria ya magereza ya Kanada, kifungu cha 121, inaruhusu parole ya kipekee kwa mfungwa mwenye ugonjwa wa kumfikisha kaburini, hata kama hajatimiza miaka aliyopangiwa. Vigezo vingine vya kifungu hicho havimhusu mwenye kifungo cha maisha, lakini hiki cha ugonjwa wa mwisho kinamhusu. Muulize kama ofisa wake wa parole amemweleza. Tafuteni wakili au chama cha msaada wa kisheria mapema, na mtafute nyumba ya tiba shufaa iliyo tayari kumpokea, kwa sababu bodi ya parole itataka kujua anakwenda wapi na nani atamtunza.

Sitakuficha hatari ya njia hii. Bodi ina karatasi nyingi na kongosho halingoji. Familia ya marehemu ina haki ya kusikilizwa. Anaweza kukataliwa, akabaki kitandani na matumaini yaliyovunjika juu ya maumivu, na pengine akakulaumu kwamba ulimpotezea siku alizokuwa amejipangia. Mwambie hivyo hivyo, asidhani unamlaghai ili muda upite. Na kuna hofu ambayo huwafanya wagonjwa waharakishe: wanaogopa kupoteza fahamu kabla ya siku waliyopanga, wakose kutoa idhini ya mwisho. Sheria ya 2021 inamruhusu mgonjwa wa aina yake ambaye ameshakubaliwa aandikiane na daktari mapema kuhusu hilo. Sikuelezi ili umsukume huko. Nakueleza kwa sababu mtu asiyeogopa kuchelewa huweza kufikiri kwa utulivu zaidi.

Sasa tufike kwenye lile linalokukesha. "Nilimtoa mtu roho, sina haki ya kung'ang'ania yangu." Mwanangu, sababu mbili za mwanzo ni za mgonjwa. Hii ni ya mtu anayejihukumu. Kanada iliiondoa adhabu ya kifo katika sheria yake ya jinai mwaka 1976. Hakimu aliyesikia kesi, akaona ushahidi wote na machozi ya mjane, hakumhukumu afe. Je, kaka yako anatumia mkono wa daktari kujipa hukumu ambayo mahakama haikumpa? Au ni majuto ya kweli, ya mtu aliyekomaa, yanayopita tu karibu na uamuzi ambao angeufanya hata kama asingemdhuru mtu? Mimi kutoka huku siwezi kujua. Wewe pia huenda hujui, na yeye mwenyewe huenda hajawahi kuulizwa. Wale wataalamu wawili wanapaswa kuyasikia maneno haya. Mwombe awaambie kama alivyokuambia wewe, na aombe pia kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa sonona kwa mgonjwa wa saratani huja ikijificha nyuma ya maumivu.

Ubelgiji waliwahi kukutana na jambo la kufanana na hili. Frank Van Den Bleeken, aliyebaka na kuua, alikuwa amefungiwa kwa takriban miaka 30 akiwa na maradhi ya akili, tena bila tiba ya maana. Akaomba kufa. Alikubaliwa, tarehe ikapangwa, 11 Januari 2015. Siku chache kabla, madaktari wakajitoa, na serikali ikatangaza itamhamishia mahali pa kutibiwa. Tiba hiyo alikuwa ameidai kabla ya kudai kifo. Kaka yako hafanani naye: yeye saratani itamwondoa kwa vyovyote, na mateso yake hayana ubishi. Lakini kisa kile kimenifundisha kusikiliza vizuri mfungwa anaposema nataka kufa, na kuuliza aliomba nini kabla ya hapo akakosa.

Rafiki yako amesema anakimbia kifungo. Sidhani kama ni haki kusema hivyo juu ya mtu aliyebakiza miezi. Kifungo cha maisha kinakwisha maisha yanapokwisha, na hakimu hakuandika kwamba lazima yaishe kwa maumivu. Hata hivyo uchungu wa yule mjane usiupuuze. Hispania, Agosti 2022, Marin Eugen Sabau alisaidiwa kufa akiwa mahabusu, kabla ya kesi yake kusikilizwa. Aliwapiga risasi watu waliofanya naye kazi, naye akapigwa risasi na polisi, akapooza. Majeruhi wake waliomba mahakama ingoje kwanza kesi isikilizwe, haikungoja, wakabaki na hisia kwamba mlango umefungwa usoni pao. Mjane wenu kesi aliiona na hukumu aliisikia. Pengine kuna neno moja tu bado analingoja, au pengine hataki kusikia chochote. Idara ya magereza ya huko ina mpango wa kuwakutanisha wahalifu na waliodhuriwa kupitia mpatanishi, kwa hiari ya pande zote. Kama kaka yako ana neno kwa huyo mama, lipite huko. Usilibebe wewe mpaka mlango wa msikiti. Huna wajibu huo, na yeye asiviziwe katika nyumba ya ibada.

Kuhusu dini, mimi si sheikh na sitajifanya. Mjomba wako hakubuni: wanazuoni wa Kiislamu kwa wingi wao hawaruhusu mtu kusaidiwa kufa, na wewe na kaka yako mmelelewa mkijua hivyo. Kwenye swala ya jeneza nitasema tu nilichosikia kwa wenye elimu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, hakumswalia yeye mwenyewe mtu aliyejiua, lakini wanazuoni wengi wanasema mtu huyo ni Mwislamu, huoshwa, hukafiniwa na Waislamu humswalia. Kwa hiyo usiruhusu tishio la mjomba liwe ndilo linaloamua. Nenda kwa sheikh unayemwamini na maswali ya wazi. Je, dawa ya maumivu inayomlaza mgonjwa ina tatizo? Kuacha matibabu yasiyofaa tena kuna tatizo? Na kukaa karibu na mtu katika jambo usilolikubali, je, ni kushiriki? Huenda baadhi ya majibu yakampa kaka yako njia nyingine ambayo hajaiona: kuacha kupambana na saratani, alazwe vizuri, na kifo kifike chenyewe.

Hilo la kumshika mkono siwezi kukuamulia. Wapo waliokaa mpaka mwisho, na wapo waliofika siku moja kabla, wakasoma Yasini, wakaombana radhi, kisha wakangoja nje. Unaweza pia kumwambia, "Kaka, nakupenda, sikubaliani na hili, na bado nitakuwepo." Maneno hayo matatu yanaweza kukaa katika kinywa kimoja. Usiahidi kwa haraka kwenye simu jambo ambalo moyo wako hautaweza kulitimiza siku ile.

Mama. Hapa naona siri mbili zimefungwa katika kitambaa kimoja, na ningependa uzitenganishe. Ombi la kaka yako kwa madaktari ni lake, na kama hataki mama alijue, nadhani ana nguvu ya kudai hivyo, japo Tanga unaijua, habari hufika. Ugonjwa ni jambo jingine. Mama anayeswali kila siku mwanawe arudi anastahili kujua kwamba kuna jambo jingine la kumwombea, na anastahili kusikia sauti yake kabla haijakauka. Huku nyumbani wazazi wa wafungwa husikiliza redio Rais anapotangaza msamaha siku ya Muungano, maana mara nyingi wagonjwa mahututi huwamo. Mama atauliza kwa nini huko hawamwachii. Mkiwa mmeomba ile parole, utakuwa na la kumjibu. Mwombe kaka ruhusa ya kumweleza mama ugonjwa tu. Muulize pia anataka azikwe wapi, maana kusafirisha mwili kunahitaji maandalizi na fedha, na mama atakuuliza hilo kabla ya jingine lolote.

Usiyafanye mazungumzo haya kwa simu, simu za gereza zinaweza kusikilizwa. Nenda ana kwa ana. Anza na dawa ya usiku: nani anaitoa, saa ngapi, na mganga gani wa tiba shufaa amemwona. Andika majina na tarehe, mpelekee ofisa afya wa gereza kwa barua, nakala kwa ofisi ya mkaguzi wa magereza. Kisha muulize lile swali la kama angekuwa amelala nje ya gereza, bila maumivu, angetaka nini. Akishakujibu, niandikie tena, hata kama jibu lake si lile ulilotamani kulisikia.

Shangazi yako